Mapigo Yasiyoonekana: Mvuke, Wapagazi na Meli ya Liemba

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunafundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunadhani inahusu kuweka akiba ya fedha tu. Mimi naona hakuna methali inayoeleza vizuri zaidi kile ambacho wataalamu wa fizikia wanakiita kanieneo, yaani nguvu ambayo gesi iliyofungiwa ndani ya chombo huzisukuma kuta za chombo hicho. Na kwa kuwa historia ya ziwa letu la Tanganyika imesukumwa mara nyingi na nguvu hiyo, nimeona niandike insha hii kwa ajili ya vijana wenzangu, hasa wale waliokimbia fizikia kidato cha pili kwa kusema ati haina hadithi. Hadithi inayo, tena ndefu, na sehemu kubwa imepita hapa hapa Kigoma na Ujiji.

Karabai

Kwa wale wasiowahi kufika kwetu, niwaeleze kidogo. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, simama ufukweni Kibirizi au Katonga utazame ziwani. Utadhani kuna mji mwingine kule majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua, lakini kwa miaka mingi mwanga ule ulikuwa wa karabai. Na kabla ya karabai wazee walivua kwa moto wa kuni uliowashwa juu ya mtumbwi, dagaa wakikusanyika kwenye mwanga wakachotwa kwa wavu wa mpini uitwao lusenga.

Karabai si kibatari. Kibatari kinanyonya mafuta kwa utambi, polepole, na mwanga wake ni wa kusomea barua tu. Karabai inataka pampu. Unajaza mafuta ya taa nusu ya tangi, unafunga kifuniko barabara, halafu unapampu. Mara ya kwanza mkono unakwenda laini. Kadiri unavyoendelea, pampu inakuwa nzito, mpaka inakusukuma na wewe. Ndipo mafuta yanapanda kwenye kijibomba chembamba, yanapata joto, yanageuka mvuke, na mvuke ule unawaka kwenye kile kitambaa kama soksi kwa mwanga mweupe unaoumiza macho. Ukitaka kuizima unalegeza skrubu ndogo. Fyuuu! Hewa inatoka, mafuta yanashuka, taa inakufa.

Sasa tujiulize: ni nani aliyekuwa akiyasukuma mafuta yale yapande juu? Mvuvi ameshaacha kupampu, anashughulika na wavu. Ndani ya tangi hamna mtu wala chemchemi ya chuma. Mna hewa tu.

Jibu ni kwamba hewa haikutulia. Hewa ni chembe ndogo mno, ziitwazo molekuli, na kila chembe iko katika mwendo. Katika sentimita moja tu ya ujazo wa hewa tunayovuta hapa Kigoma, idadi ya chembe hizo huandikwa kwa tarakimu 20. Kwa joto letu la kawaida, kila moja inakimbia kwa wastani wa mita kati ya 400 na 500 kwa sekunde. Kama njia ingekuwa nyeupe, chembe ingetoka Kigoma mjini na kufika Ujiji kwa sekunde kama 20, safari ambayo daladala inachukua robo saa na zaidi. Lakini njia si nyeupe. Chembe inagongana na wenzake kila mara, inageuka, inarudi, na ikikutana na ukuta wa chombo inaugonga na kurudi ilikotoka.

Pigo la chembe moja ni dogo kiasi kwamba hakuna kipimo cha mvuvi kinachoweza kulihisi. Lakini mapigo ni mengi, na hayana mapumziko. Yakijumlishwa yote katika kila sentimita ya ukuta na kila sekunde, yanakuwa msukumo mmoja ulio imara, kama vile mtu ameegemeza bega lake pale. Huo ndio kanieneo. Hakuna mkono unaosukuma, kuna mapigo tu. Ukiongeza chembe ndani ya tangi, kama afanyavyo mvuvi kwa pampu, mapigo yanaongezeka. Ukiongeza joto, chembe zinakimbia zaidi, zinagonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Ukipunguza nafasi, kuta zinakuwa karibu na chembe zinazifikia upesi. Njia ni hizo tatu. Ukizielewa hizo, umeelewa karabai, umeelewa gurudumu la baiskeli, na kama nitakavyoonyesha, umeelewa pia sehemu ya historia yetu.

Sufuria ya Speke

Tarehe 13 Februari 1858, msafara uliotoka pwani mwezi Juni wa mwaka uliotangulia ulifika kwenye ziwa Tanganyika. Viongozi wake walikuwa Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Mmoja alikuwa mgonjwa wa miguu, mwingine macho yalikuwa yamemfumba karibu kabisa, hata ziwa aliloliendea miezi yote ile hakuliona sawasawa. Ujiji yenyewe ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, chumvi, mafuta ya mawese na, kwa aibu yetu sote, watumwa. Waarabu na Waswahili walikuwa wameshafika zamani, na Wajiji wenyeji walikuwa wakilivuka ziwa kwa mitumbwi tangu enzi za mababu. Kwa hiyo neno kwamba ziwa "liligunduliwa" siku hiyo naliachia wenyewe.

Kitu kinachonivutia ni sufuria. Wasafiri wale walitaka kujua ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na njia yao ilikuwa kuchemsha maji na kutia kipimajoto. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda mlima huchemka kabla ya hapo. Akina mama wa Kasulu na Manyovu wanalijua jambo hili kwa njia yao: maji ya milimani huchemka mapema, lakini maharage huchelewa kuiva.

Sababu ni yale yale mapigo. Juu ya maji ya sufuria kuna hewa, na chembe zake zinaupiga uso wa maji bila kukoma. Ndani ya maji, joto linajaribu kutengeneza mapovu ya mvuke. Povu likiwa na mapigo hafifu, hewa ya juu inalibonyeza na kulifuta. Siku mapigo ya mvuke ndani ya povu yanapolingana na mapigo ya hewa, povu linasimama, linapanda, linapasuka juu. Tunasema maji yamechemka. Milimani hewa ni nyepesi, chembe ni chache, mapigo ni machache, basi mvuke unashinda mapema. Kumbe kipimajoto ndani ya sufuria kinaweza kukuambia urefu wa mlima.

Vipimajoto vizuri vya msafara vilikuwa vimeharibika njiani. Kilichobaki kilikuwa kile cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga. Kwa chombo hicho ziwa lilipewa urefu wa takribani futi 1,850, ambazo ni kama mita 560. Kweli yenyewe ni mita 770 na ushei. Ukipiga hesabu, tofauti hiyo ya mita zaidi ya 200 inatokana na kosa la kipimajoto lisilofika hata digrii moja.

Utasema, digrii moja ni kitu gani? Ngoja uone. Wakati ule Ulaya yote ilikuwa ikibishana chanzo cha mto Nile. Speke alikwenda kaskazini peke yake, mwezi Agosti 1858 akaliona ziwa Nyanza, ambalo yeye aliliita Victoria, na akasema Nile inatoka huko. Burton alibisha. Baadaye alidai kwamba Tanganyika ndilo linalotoa maji kwa mto Rusizi upande wa kaskazini hadi ziwa Albert na kuendelea. Waliompinga walikuwa na tarakimu mkononi: Samuel Baker alilipima ziwa Albert mwaka 1864 akapata futi 2,720. Maji yatapandaje kutoka futi 1,850 kwenda futi 2,720? Hoja ilionekana imekwisha. Lakini tarakimu zote mbili zilikuwa na kasoro, moja chini mno, nyingine juu mno. Ukweli tunaoujua leo ni kwamba ziwa Albert liko kwenye mita kama 620, yaani liko chini ya Tanganyika. Kwa urefu peke yake, Burton angeweza kuwa sahihi!

Hakuwa sahihi, lakini si sufuria iliyoamua. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao uliokuwa ufanyike mjini Bath. Ubishi ukaendelea miaka saba zaidi, mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa na kuona kwa macho kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Na mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alionyeshwa upande wa magharibi mahali ambapo maji ya ziwa hutoka, mto Lukuga, unaokwenda kwenye Kongo. Mtumbwi wa Ujiji na wapiga kasia wake walimaliza ubishi ambao kipimajoto kiliukoroga.

Bombay na mwandishi aliyekataliwa

Katika msafara ule wa 1858 alikuwamo mtu aitwaye Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, na baada ya kupata uhuru wake akarudi Afrika na jina la mji wa huko. Alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke, akaenda na Stanley, akaenda na Cameron. Ukihesabu hatua zake, aliizunguka nchi hii kuliko Mzungu yeyote aliyemwajiri. Yeye angalau jina lake limebaki.

Jina hilo la Bombay linanikumbusha mtu mwingine, ambaye vijana wa gazeti kama hili tunapaswa kumjua. Katika mji huo huo wa Bombay, katika miaka ya 1840, aliishi mwalimu wa Kiskochi, John James Waterston, akifundisha mabaharia chipukizi. Usiku aliandika. Mwaka 1845 aliipelekea Jumuiya ya Kifalme ya London makala ndefu iliyoeleza kwamba gesi ni chembe zinazokimbia, kwamba joto ni ule mwendo wao, na kwamba kanieneo ni mapigo yao ukutani. Makala ilikataliwa. Mkaguzi aliona ni upuuzi. Muswada haukurudishwa kwa mwenyewe, ukatiwa kabatini, na yeye hakuwa na nakala nyingine. Nani kati yetu hajui uchungu huo?

Wazo halikuwa geni kabisa. Daniel Bernoulli alikuwa ameshaligusa katika kitabu chake cha 1738. Lakini sifa zilikwenda kwa waliokuja baadaye: Rudolf Clausius aliandika juu yake mwaka 1857, mwaka ule ule Burton na Speke walipoondoka pwani, na James Clerk Maxwell akaliendeleza kwa hesabu mwaka 1860. Waterston alitoka nyumbani kwake Edinburgh siku moja ya mwaka 1883 na hakuonekana tena. Miaka minane baadaye, mwaka 1891, Lord Rayleigh alipekua makabati ya Jumuiya akaukuta muswada wake, akausoma, akaona mtu yule alikuwa ameona mbali. Ulichapwa mwaka 1892. Kwa hiyo ndugu zangu, tunzeni nakala.

Makasha 5,000

Ni wakati huo huo ambapo mvuke wenyewe ulifika ziwani. Mwaka 1885 wamisionari wa London walishusha majini, upande wa kusini wa ziwa, meli ndogo iliyoitwa Good News. Ilikuja vipandevipande kupitia mto Zambezi, mto Shire na ziwa Nyasa, na mwendo wa mwisho ikabebwa na watu. Mwaka 1900 Wajerumani nao wakashusha yao, Hedwig von Wissmann. Lakini meli kubwa ilisubiri reli.

Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914, kilometa zaidi ya 1,200. Wakati reli ikikaribia, kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kilikuwa kimeunda meli yenye urefu wa mita 70 hivi. Waliiunda, wakaifungua tena, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapanda treni, yakashushwa Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo. Pamoja nao walifanya kazi vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, wakiunganisha bamba kwa bamba, ribiti kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishuka majini. Iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana ambaye katika utawala wake babu zetu wa kusini waliuawa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Ndani ya meli ile palikuwa na moyo wake, boila. Na hapa somo letu la karabai linarudi kwa sauti kubwa. Boila ni sufuria iliyofungwa. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huhitaji nafasi ya mara 1,600 na zaidi ya ile ya maji. Lakini boila ni ya chuma, haipanuki. Mchochea moto anaongeza moto, chembe za maji zinaruka na kuwa mvuke, nyingine zinafuata, nafasi ni ile ile. Chembe ni nyingi zaidi na zinakimbia zaidi. Kila kipande cha ukuta chenye ukubwa wa ukucha kinapigwa kwa nguvu mara kumi au zaidi ya ile ya hewa ya nje. Ndiyo maana bamba la boila ni nene na ribiti zake zimepangwa karibu karibu.

Sasa fungua vali. Upande mmoja wa silinda kuna pistoni, ukuta unaoweza kusogea. Chembe za mvuke zinaigonga, nayo inasogea. Kila chembe inayogonga ukuta unaoukimbia inarudi ikiwa imepunguza mwendo wake kidogo, kama mpira unaopigwa kwenye wavu uliolegea. Mwendo ule uliopotea haukupotea kweli. Umeingia kwenye pistoni, kutoka pistoni umekwenda kwenye mtaimbo, na kutoka mtaimbo umefika kwenye parafujo inayosukuma maji nyuma ya meli. Mvuke unatoka umepoa kwa sababu umefanya kazi. Hapo ndipo fizikia inasema ukweli ambao kila kibarua anaujua: anayefanya kazi hupungua.

Vita juu ya maji

Meli ilizaliwa vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza Agosti 1914, na mwenye mvuke ziwani ndiye aliyekuwa mwenye ziwa. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za petroli, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Mwaka 1915 boti zile zilipita Afrika ya Kusini kwa treni hadi Katanga, halafu zikavutwa porini na milimani kwa matrekta ya mvuke. Na matrekta yale yalikuwa na kiu, bwana! Boila bila maji ni chungu kitupu juu ya moto. Mahali ambapo mito ilikuwa imekauka, wanawake wa vijiji vya Katanga walibeba maji kichwani, mitungi kwa mitungi, ili chuma cha Wazungu kinywe.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti zile ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kombora moja liliifikia boila, na sote tunaweza sasa kuelewa kilichotokea. Ukuta uliokuwa ukizuia mapigo yote yale ulipopasuka, chembe zilitoka zote kwa pamoja. Nguvu iliyokuwa ikiisukuma meli polepole siku nzima ilifanya kazi yake yote kwa kufumba na kufumbua, ndani ya chumba chenye watu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo mabaharia wa Kiafrika ambao vitabu vingi havitaji hata jina moja lao.

Goetzen haikushindwa kwa mizinga. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia mjini. Wabelgiji waliwahi kuiibua, ikazama tena. Waingereza ndio walioitoa moja kwa moja, tarehe 16 Machi 1924, na walipoifungua wakakuta injini na boila bado zinafaa. Miaka karibu minane majini! Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina ambalo Livingstone aliwahi kulisikia kusini kama jina la ziwa lenyewe: Liemba.

Nani aliyesukuma?

Kuanzia hapo Liemba ikawa yetu. Imebeba dagaa na mahindi, maharusi na maiti, wanafunzi na wachuuzi, kutoka Kigoma hadi Kasanga na Mpulungu, ikisimama mbali na ufuko huku mitumbwi ikiikimbilia. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iling'olewa ikawekwa ya dizeli, ambayo nayo ni gesi ya moto inayogonga pistoni, tofauti ni kwamba moto umehamia ndani ya silinda. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mwaka 2015 ilichukua wakimbizi wa Burundi waliorundikana ufukweni Kagunga, ikawaleta Kigoma.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Kwenye ukuta wa chumba cha boila huwekwa saa ya kanieneo. Ina mshale mmoja na tarakimu. Mwendesha mitambo anautazama mshale, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini mshale hausukumi kitu. Unaonyesha tu jumla ya mapigo ambayo hakuna anayeyaona. Historia ya ziwa letu tumeisoma kama mtu anayesoma mshale: Burton, Speke, Livingstone, Stanley, Spicer-Simson. Majina yale ni tarakimu za saa. Nani alikuwa mvuke? Ni wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa kwa doti za merikani. Ni wapiga kasia wa Ujiji. Ni wanawake wa mitungi wa Katanga. Ni vibarua waliogonga ribiti Kigoma mwaka 1914, na wachochea moto walioikaa joto ya Liemba miaka hamsini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Meli ile haikusukumwa na mtu mmoja.

Hata hivyo mfano huu una mpaka wake, na ni lazima niuseme. Chembe ya mvuke haichoki kwa namna ya binadamu. Ikipoteza mwendo, ipashe joto, itarudi kama jana. Zote zinafanana, ukiwa umeijua moja umezijua zote, na hakuna hasara ukizihesabu kwa jumla. Mpagazi hakuwa hivyo. Alikuwa na mama, alikuwa na kijiji, alikuwa na wimbo wake wa safari, na akianguka njiani hakuna moto wa kumrudisha. Mwanafizikia anaruhusiwa kusahau chembe moja moja akabaki na wastani. Mwandishi haruhusiwi. Hapo ndipo kazi yake na yetu zinapoachana.

Na sisi bado tunayo nafasi kidogo. Mvuke wa Liemba ulizimwa katika miaka ya 1970, si zamani sana. Waliochochea moto ule wakiwa vijana, wachache wao huenda bado wanakaa barazani kwao Ujiji, Gungu au Mwanga, na watoto na wajukuu wao wako tele. Livingstone na Stanley wana jiwe lao la kumbukumbu Ujiji, watalii wanalipiga picha. Wachochea moto hawana hata daftari. Nawaomba wenzangu mnaoandika: kabla hujatunga riwaya ya mapenzi ya Dar es Salaam, nenda kwa mzee mmoja na kalamu. Muulize jina lake kamili, kijiji alikotoka, mwaka alioanza kazi, mshahara wake wa kwanza, na mkono upi uliungua. Andika nakala mbili.